Larry Summers: akili nyingi zinatosha kumpa mtu chuo kikuu akiongoze?

Wakuu, naileta mada hii tujadili bila matusi.

Kisomo cha Summers, mchumi wa Marekani, hakina ubishi. Uprofesa kamili Harvard akiwa na miaka 28, mchumi mkuu wa Benki ya Dunia 1991 hadi 1993, Waziri wa Fedha wa Marekani 1999 hadi 2001, na mwaka huohuo wa 2001 akawa rais wa Harvard. Hata ukoo umekaa kiuchumi: baba yake mkubwa, Paul Samuelson, na mjomba wake, Kenneth Arrow, wote wana Nobel ya fani hiyo.

Swali langu ni kama kupiga hesabu vizuri kunamfanya mtu afae kuongoza watu. Mimi nasema hapana.

Lichukueni lile dokezo la Benki ya Dunia la Desemba 1991, lenye saini yake. Linasema hasara ya uchafuzi ipimwe kwa mshahara unaopotea mtu akiugua au akifa. Kwa hiyo taka za sumu zipelekwe penye mishahara midogo kuliko pote. Nchi za Afrika zenye watu wachache zikatajwa kuwa hazijachafuliwa vya kutosha! Baadaye ikaelezwa kwamba aliyeandika ni msaidizi wake na kwamba ilikuwa kejeli. Haya. Lakini ukiifuata hesabu yenyewe hatua kwa hatua, inakubali, na hapo ndipo ninapoogopa.

Januari 2005, sasa ni rais wa chuo, anasimama mkutanoni kueleza kwa nini wanawake ni wachache kwenye ngazi za juu za sayansi. Kati ya sababu alizotaja ni uwezo wa kuzaliwa nao. Nancy Hopkins, mwanabiolojia wa chuo cha MIT, akainuka akatoka. Machi, wahadhiri wakapiga kura ya kutokuwa na imani naye, 218 kwa 185. Mwaka uliofuata akaachia ngazi.

*

Mkuu, umechagua ya kumchafua tu. Ni chini yake, mwaka 2004, Harvard ilipotangaza kwamba mzazi mwenye kipato chini ya dola 40,000 kwa mwaka hachangii kitu kwenye gharama za masomo ya mwanawe. Na 2021 alionya kuhusu mfumuko wa bei huku wenzake wa chama cha Democratic wakimpuuza. Bei zikapanda kweli. Chuo kikitaka mtu asiyemuudhi yeyote, kiajiri mshereheshaji.

*

Hilo la ada nakubali, tena nilipaswa kulitaja mwenyewe. La bei pia. Ila umeruka ile mikataba ya kubadilishana riba iliyosainiwa enzi zake, yaani chuo kinajifunga kulipa riba isiyobadilika, na riba za soko zikishuka kinapata hasara. Harvard ilitoa takriban dola milioni 500 kujinasua, na hiyo ni hesabu, fani yake kabisa. Wakati bili inalipwa, 2009, yeye yuko Ikulu ya Marekani anamshauri Obama mambo ya uchumi.

Alipojiuzulu kwenye bodi ya OpenAI, kampuni ya akili bandia, Novemba 2025, kilichomtoa ni barua pepe alizoandikiana na Jeffrey Epstein, yule tajiri aliyepatikana na hatia ya makosa ya ngono. Dokezo, hotuba, zile milioni 500, vyote hivyo havikuwahi kumfungia mlango kwa muda mrefu. Haya niambie, mwanamke mwenye rekodi kama hiyo angepewa nafasi ngapi?