Mwanza–Dar kwa ndege: umbali ni mmoja, mbona muda unatofautiana?

Ilemela_B
Wakuu, habari za jioni. Mzee anatoka Mwanza, ana miadi Muhimbili saa 4 asubuhi. Kwenye tiketi naona safari ya saa 1 na dakika 25, nyingine saa 2 na dakika 5, nyingine inagonga saa 3. Umbali hasa ni kilomita ngapi, na nichukue ipi? Anatembea kwa mkongojo.

kusi_kaskazi
Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 850, mkuu. Hakiki mwenyewe: uwanja wa Mwanza uko latitudo 2.44 kusini, longitudo 32.93 mashariki; ule wa Julius Nyerere, Dar, uko 6.88 na 39.20. Tofauti ni digrii 4.44 na 6.27. Zidisha kila moja kwa 111, ndizo kilomita za digrii moja, upate 493 na 696. Zipige mraba, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: 853. Hesabu hii inafaa huku kwetu karibu na ikweta. Ukiipeleka Ulaya itakupotosha, maana mistari ya longitudo huko imekaribiana. Kwa barabara, kupitia Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro, ni zaidi ya 1,100.

rada2
Hizo mbili za kwanza zinatofautiana kwa aina ya ndege. Airbus A220 ikishatulia angani huenda kama kilomita 830 kwa saa, Dash 8-Q400 kama 650, ATR 72 kama 500. Gawa 850 kwa kila mwendo: saa 1 na dakika 1, saa 1 na dakika 18, saa 1 na dakika 42. Kisha ongeza dakika 20 hadi 25, kwa sababu muda wa tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama tena. Humo mna ndege kutembea hadi njia ya kurukia, kusubiri zamu, kupanda taratibu, na kupangwa foleni ya kutua Dar. Upepo usikusumbue, kwenye njia hii ni suala la dakika chache.

Ile ya saa 3 nadhani inapitia KIA, uwanja wa Kilimanjaro. Mwanza–KIA ni kama 470, KIA–Dar 450, jumla 920. Kilomita 70 tu zimeongezeka! Muda unaliwa na kushuka, kukaa chini na kupanda upya. Angalia idadi ya vituo kabla ya kulipa. Na kama ni tiketi mbili zilizokatwa mbalimbali, ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haina wajibu wa kumsubiri.

kusi_kaskazi
Nyongeza: tiketi ikiandika 06:00 ni saa 12 asubuhi. Watu huachwa kwa kuisoma saa 6.

Ilemela_B
Asanteni sana. Na ngazi?

rada2
Q400 na ATR ziko chini, ngazi zake ni chache na zimo kwenye mlango wenyewe. A220 iko juu. Pasipo daraja la kuunganisha jengo na mlango wa ndege, atapanda ngazi ndefu. Omba kiti cha magurudumu unapokata tiketi, usingoje kaunta. Kuhusu miadi, mlete jioni ya siku iliyotangulia. Ndege ya alfajiri ikichelewa saa moja tu, anashukia kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere na saa 4 inampita.