Lifti ya boti ya Anderton: boti yenye mzigo mbona hailemei upande mmoja?

mvuvi_wa_shangani
Wakuu habari za jioni. Nipo Mtwara, nasomea ufundi mitambo. Kuna mtu katuma kwenye grupu letu klipu ya lifti ya boti ya Anderton kule Uingereza, inayohamisha boti kati ya mto ulio chini na mfereji ulio juu, imefunguliwa 1875, matanki mawili ya maji moja linapanda lingine linashuka na boti zimo humohumo zinaelea, na kimo chake ni mita 15 sio mchezo. Sasa ubishi. Jamaa anasema lazima boti mbili ziwe na uzito sawa la sivyo yenye mzigo inaporomoka nayo. Mimi nasema nani atapima kila boti inayokuja? Na enzi hizo umeme hakuna, nini kilikuwa kinasukuma? Pia yale magurudumu makubwa juu mbona kwenye klipu hayazunguki?

Fundi Dizeli
Mdogo wangu umeshinda ubishi. Boti ikiingia kwenye tanki inasukuma nje maji yenye uzito uleule wa boti, Archimedes alishamaliza hiyo kesi zamani. Kwa hiyo tanki liwe na boti mbili, moja, au maji matupu, alimradi kina cha maji ni kilekile uzito haubadiliki, kama tani 252. Boti iwe imejaa chumvi au haina kitu, mizani haijui.

Kusukuma sasa. Chini ya kila tanki kuna pistoni moja nene, kipenyo sentimita 90 hivi, imeingia kwenye silinda iliyochimbiwa chini, na silinda mbili zimeunganishwa kwa bomba. Ni jeki ya gereji tu ila mbili zinazosukumana. Tanki la chini wanalipunguza maji sentimita 15, hesabu mwenyewe, tanki lina urefu karibu mita 23 na upana mita 4.7, hapo umetoa tani 15 au 16. La juu linakuwa zito, linashuka, linalisukuma mwenzake juu. Injinia aliyechora ni Edwin Clark, wazo la Edward Leader Williams.

MbishiKwaHoja
Fundi heshima yako lakini hapo umeruka kitu. Tanki linaloshuka likigusa maji ya mto si linaanza kuelea? Likielea linapoteza uzito, sasa litamalizia vipi kulisukuma la juu?

Fundi Dizeli
Swali zuri sana, na ndo lilipo jibu la "nini kilikuwa kinasukuma". Kile kipande cha mwisho walifunga bomba kati ya silinda, halafu tanki la juu likamaliziwa na presha iliyohifadhiwa pembeni, inayojazwa na pampu ya injini ya mvuke. Injini ndogo tu, kazi kubwa yote imeshafanywa na maji yenyewe.

Dada wa Chumvi, Lindi
Jamani mbona hamsemi chumvi, ndo sababu ya yote! Northwich, hapo karibu na Anderton, ni mji wa chumvi, mfereji wa Trent na Mersey unapita juu, mto Weaver upo chini, mzigo ukawa unashushwa boti moja kupandishwa nyingine, kwa kreni na njia za mteremko za kumiminia. Sisi tunaobeba viroba vya chumvi toka mashambani hapa Lindi tunajua kupakua mara mbili kunavyokula faida. Mageti ya kupandisha boti hatua kwa hatua yangemaliza maji ya mfereji na nafasi haikuwepo.

Na chumvi hiyohiyo ikaiua lifti. Maji ya mfereji yalikuwa na chumvi na kemikali za viwandani na ndo yaliyokuwa ndani ya silinda, pistoni zikaliwa zikawa na michirizi mirefu. Wakaziba kwa shaba, wapi! Shaba na chuma pamoja kwenye maji ya chumvi, chuma kinaliwa zaidi, muulize yeyote mwenye boti ya mashine. 1882 silinda ikapasuka tanki likiwa juu na boti ndani, likashuka lote, bahati maji yalikuwa yanatoka kwa kubanwa kwenye ule ufa ndo yakapunguza kasi, hakuna aliyeumia.

mvuvi_wa_shangani
Duh. Asante dada. Na magurudumu je?

Fundi Dizeli
Hayo ni ya 1908. Walichoka na silinda, injinia Saner akajenga fremu mpya juu ya ile ya zamani, akaweka mota za umeme, makapi, kamba za waya na vyuma vya kusawazisha, kila tanki na vyake, kwa hiyo yakawa hayategemeani tena. Ikafanya kazi hadi 1983 ikafungwa, kutu tena. Ilipofunguliwa upya 2002 walirudia pistoni ila safari hii ndani ni mafuta sio maji. Magurudumu wameyaacha palepale kama historia, hayabebi kitu, ndo maana huoni yakizunguka.

MbishiKwaHoja
Mafuta wangeweka tangu 1875 bhana.