Je, safari ya familia kwenda Walt Disney World inastahili gharama yake?

Swali: Ndugu zangu, mimi na mwenzangu tuna watoto wa miaka miwili na tisa, nasi tunajadiliana kama tutumie akiba yetu kuwapeleka Walt Disney World, eneo la bustani za burudani lililoko Florida, Marekani. Nikijumlisha tiketi, nauli na hoteli, nahofia kwamba tutalipia foleni zaidi ya furaha. Mnatushauri nini?

Jibu la kwanza: Ndugu, umri ndio unaoamua mengi. Mtoto aliye chini ya miaka 3 huingia bure, ilhali aliyefikisha miaka 10 hulipiwa kama mtu mzima, kwa hiyo kuahirisha nako kuna gharama yake. Hata hivyo, mdogo hataruhusiwa kupanda mitambo mingi ya kasi. Space Mountain, kwa mfano, hudai urefu wa sentimita 112, jambo linalomaanisha kwamba mmoja wenu atabaki nje naye wakati wengine wakiburudika.

Jibu la pili: Bei ya tiketi hubadilika kulingana na tarehe, na msimu wa likizo za shule huwa ghali. Tiketi ya siku nyingi hushusha bei ya kila siku, lakini hapo ndipo wengi hunaswa, kwa kuwa chakula na malazi havishuki.

Jibu la tatu: Mimi ningesubiri, maana mdogo hatakumbuka chochote. Kwanza mwulizeni mkubwa anachokitamani hasa. Akitaja bwawa la kuogelea la hotelini, basi mmeokoa fedha nyingi.