Fundi anayekwambia "tekscha itaficha" anakuibia mchana kweupe

Wakuu, hili jambo nimekaa nalo rohoni hadi limenishinda. Leo nalimwaga hapa.

Sebule yangu na chumba kimoja vimewekwa jipsamu bodi, kuta na dari. Makubaliano na fundi yalikuwa wazi kabisa: viungio vijazwe puti, vipigwe msasa, ipakwe praima (rangi ya msingi), ndipo ipulizwe tekscha, mchanganyiko mzito unaoacha vipele vidogo kama ganda la chungwa. Kila nilipomwonyesha kiungio kilichobonyea au kichwa cha skrubu kinachochungulia, jibu lilikuwa lile lile: "Bosi usijali, tekscha itaficha."

Haijaficha kitu. Usiku nazima taa, nalaza tochi ukutani ili mwanga upite sambamba na ukuta, na kila mstari wa tepu (utepe unaobandikwa juu ya viungio vya bodi) naufuata kwa kidole kutoka juu hadi chini. Pembeni mwa dirisha hata tochi haihitajiki, jua la asubuhi linatosha. Skrubu zote zimejipanga kwa safu, unaweza kuzihesabu ukiwa umekaa kwenye kochi.

Tekscha nyepesi inafuata umbo la ukuta ilioukuta. Penye shimo inaingia shimoni, penye nundu inapanda nundu. Ndiyo maana ukuta wa kupulizwa vipele vidogo unatakiwa uandaliwe karibu sawa na ukuta wa kupakwa rangi tupu: tepu izamishwe kwenye puti, kisha tabaka mbili nyingine juu ya kiungio, kila moja ikauke kabla ya inayofuata, na vichwa vya skrubu vipate tabaka tatu. Huyu alipiga tabaka moja juu ya tepu akawasha kompresa, ile mashine ya upepo wa kupulizia. Huko ni kufunika kombe mwanaharamu apite, na mimi ndiye niliyefanywa mwanaharamu ndani ya nyumba yangu.

Praima je? Nilimuuliza iko wapi, akanijibu maji yaliyomo kwenye mchanganyiko yanatosha. Yanatosha kwa lipi? Karatasi ya bodi inanyonya maji kwa kiasi chake, puti iliyokauka inanyonya kwa kiasi kingine. Bila praima, tekscha ya juu ya kiungio inakauka tofauti na ya pembeni yake, na rangi ikija juu unapata michirizi yenye mng'ao tofauti. Ninayo hiyo michirizi, ukuta mzima.

Upuliziaji wenyewe sasa. Ndoo moja nzito, ndoo inayofuata majimaji, hakupima chochote. Upepo wa kompresa anaupandisha na kuushusha katikati ya ukuta, wakati kila mshika bastola ya kupulizia anajua presha ikiwa kubwa matone yanakuwa madogo, ikishuka yanakuwa makubwa. Hakujaribu kwanza hata kwenye kipande cha bodi kilichobaki. Alisimama sehemu moja akawa anazungusha mkono tu, badala ya kutembea na ukuta kwa umbali ule ule wa karibu nusu mita. Kona zimejaa madonge, katikati kuna upara. Soketi hakuzifunika, moja imejaa puti hadi kwenye matundu. Bawaba za mlango zimegandiana.

Lakini kinachonitia hasira kuliko vyote ni dari. Bodi ni ya unene wa nusu inchi, mbao zake zimeachana inchi 24. Ukipulizia dari kitu chenye maji mengi, bodi hiyo inataka mbao zisizozidi inchi 16, la sivyo tumia bodi ya inchi 5/8 au ile iliyotengenezwa isibonyee. Maji yanalegeza bodi, uzito unaivuta, na madirisha alikuwa ameyafunga ili vumbi lisiingie, kwa hiyo unyevu haukuwa na pa kutokea. Leo dari ina matumbo kati ya mbao na mbao. Hilo halitibiki kwa puti wala rangi, ni kubomoa bodi.

Na kabla hajaulizwa, alishapaka rangi siku ile ile, tekscha haijakauka hata saa 24. Kwa nini haraka hiyo? Kwa sababu tekscha isiyo na rangi unainyunyizia maji, inalainika, unaikwangua na kuanza upya. Ikishapakwa rangi maji hayaingii.

(Mnaotaka kuniambia nikwangue tu: nyumba yangu ni mpya. Kama yako ni ya zamani na dari ina madonge ya kupulizia, usiiguse kabla haijapimwa asbesto, yale madini ya nyuzi ambayo vumbi lake huleta saratani. Marekani walipiga marufuku kupulizia mapambo yenye asbesto mwaka 1978, na dari za kabla ya hapo bado zipo.)

Salio lake ninalo mimi na halitoki. Nimemwambia ashushe dari yote kwa gharama zake, aongeze mbao, afunge bodi upya. Anajibu eti "ndivyo tekscha ilivyo." Hapana, sivyo ilivyo, na asimdanganye mteja mwingine.

Kwa upande wa kuta nauliza waliowahi kupiga puti juu ya tekscha iliyopakwa rangi: mlisugua vipele kwa msasa kwanza au mlianza na praima? Na puti ilishika, au ilibanduka baadaye?