Bia mbili za Ijumaa nazo zina madhara?

Mpenda_Nyamachoma: Wakuu habari. Mi sio mlevi, napiga bia mbili tatu Ijumaa basi, sasa juzi nesi kaniambia hata hizo zinaongeza hatari ya kansa, nikacheka maana mi najua pombe inaua maini ya wale wa gongo, kuna ukweli?

Babu_Kijiwe: Hakutishi mkuu. Pombe iko kundi la kwanza la visababishi vya kansa tangu 1988, kundi moja na sigara, na WHO 2023 wakasema hakuna kiwango salama. Ikifika mwilini inageuka kemikali inaitwa asetaldehaidi, hiyo ndo inaharibu seli, na kansa inaweza kutokea koo, ini, utumbo mpana, matiti. Bia, waini, gongo, yote alkoholi ileile, ila ukizidisha hatari inapanda zaidi.

MamaJunia: Eti matiti!! Mbona kwenye chupa nasoma tu habari ya miaka 18??

Chalii_wa_Ngaramtoni: Viroba, ile pombe kali ya vifuko, vilipigwa marufuku Tanzania 2017, mtaani kwetu watu wakahamia vichupa vidogo, wapi kansa bana, wanaangalia bei tu.

Mpenda_Nyamachoma: Dah. Ijumaa hii nabaki na moja, nyama siachi lakini.