Kutoka Jendele hadi Kaebona kwa baskeli: bondeni kunapitika?

BiMwera
Asalaam aleikum. Nina baskeli ya kizamani, ile nzito ya chuma, haina gea, kiti nimekivisha gunia. Jumapili nataka nitoke Mwera, hapa Unguja, asubuhi, nishike Dunga, niingie Jendele, nilivuke bonde la Cheju mpaka Kaebona, nirudi kwa Tunguu. Mwanangu wa miaka 13 anakuja na yake. Barabara kubwa naijua, siitaki. Nataka njia za ndani katikati ya majaruba ya mpunga, nilizokuwa nikipita utotoni kumpelekea bibi chakula dunguni, kile kichanja cha kuamia ndege. Ila mvua ya juzi nayo ilikuwa mvua. Pamekauka?

MkulimaCheju
Waalaikum salaam mwanangu. Nina konde Cheju na nakwenda kwa baskeli kila siku, kwa hiyo sikupi ya kusikia. Hapajakauka. Ukitazama kwa mbali utasema njia kavu, udongo juu umepasuka. Ukanyage sasa: chini ni kinamo kitupu, udongo wa kunata. Juzi gurudumu langu la nyuma liligoma kabisa, udongo umejaa baina ya mpira na madigadi, umeganda kama halua. Nikakaa chini ya dungu la jirani nauchokoa kwa kijiti, na kitoto chake huko juu kinapiga debe kuamia ndege huku kinanicheka. Nikaenda hatua ishirini, ukajaa tena. Mwisho baskeli ndiyo iliyonipanda mimi, begani mpaka barabarani. Hiyo yako ya chuma utaiweza?

Ukishikilia kwenda, vua madigadi. Usifuate njia ya matrekta. Walipokuja kuburuga kabla ya masika waliacha mashimo, sasa yamejaa maji na huoni kina chake. Pita penye majani, ndipo panapobeba.

Na juu ya tuta usipande. Shuka, sukuma. Tuta ndilo linaloyaweka maji kondeni, na mpunga saa hizi unatia punje. Ukilimega, mtu anakosa maji kwa ajili ya matembezi yako.

Pwani_Kusini
Mimi nilipita mwezi wa nane mwaka jana, vumbi tupu, raha. Subirini kipupwe kishike. Halafu mkifika Kaebona msirudi, endeleeni kidogo tu mpaka msitu wa Jozani mwoneshe mtoto kima punju. Wanavuka barabara kama wamelipia.

Nesi_wa_Shamba
Mzee kasema yote ila moja. Huyo mtoto akichafuka tope asioshe miguu mferejini wala kwenye dimbwi. Kichocho bado kipo visiwani kwetu. Vijidudu vinatoka kwa konokono wa maji baridi na vinapenya ngozi nzima, hata kama huna kidonda. Beba galoni la maji ya bomba, lifunge nyuma.

BiMwera
Shikamoo mzee wangu. Bibi alikuwa akinichapa kwa hilo hilo la tuta, nimecheka peke yangu. Nimekwenda kuvua madigadi usiku huu: parafujo tatu zimetoka, ya nne imeota kutu, nimeimwagia mafuta ya taa inalala nayo. Safari tumeisogeza mpaka mkimaliza kuvuna. Mtoto kanuna, kasusa hata chai.

MkulimaCheju
Marahaba. Mlete siku ya kuvuna, aje abebe mpunga kwa hiyo baskeli. Atanuna vizuri zaidi.