Lupanga kwa kukimbia: inawezekana au najidanganya?

MbioZaTabata
Wakuu habari zenu. Mimi ni mtu wa jogingi ya lami, naishi Dar, mwaka huu nimemaliza nusu marathon ya Kilimanjaro (Kili) pale Moshi kwa masaa mawili na kitu, sio mbaya kwa mtu wa miaka 38 ambaye kitambi ndo kwanza kimeanza kuaga. Sasa lami imenichosha, moshi wa magari, boda wanakukwangua kiwiko, nataka nikimbie msituni na iwe mlimani kweli kweli. Nimeangalia ramani nikaona Lupanga, kile kilele cha milima ya Uluguru pale Morogoro, kutoka mjini mpaka kileleni na kurudi haifiki hata kilomita 21, nikasema kumbe hii ni nusu marathon tu? Hesabu yangu naanza saa moja asubuhi, saa nne nimeshuka, naoga, mchana napanda treni ya SGR narudi zangu. Wenye uzoefu naombeni muongozo, kibali kinahitajika? Raba hizi za kawaida zinatosha? Na kama kuna njia ngumu zaidi ya hiyo nitajieni maana mimi sitaki vya mtelemko.

kijiweni_tu
Saa nne umeshuka 😂😂 ngoja nikae siti ya mbele niwasubiri wa Moro waje

MotoWaMoro
Kaka karibu sana ila hizo hesabu zako ni za lami, zifute kwanza. Mlimani hatuhesabu kilomita, tunahesabu unapanda mita ngapi. Mji wa Moro uko kama mita 500 hivi toka usawa wa bahari, Lupanga ni kama 2,140, kwa hiyo una mita 1,600 za kupanda. Ule mwinuko wa kuelekea Mweka uliokutoa ulimi kwenye Kili, upange mara kadhaa mmoja juu ya mwingine halafu usimamishe kama ngazi ya kupandia dari, hiyo ndo Lupanga.

Mwanzoni unapita kwenye mashamba, migomba na maharage, pale unaweza ukajidai unakimbia watoto wakakushangilia. Ukishaingia msituni basi, njia haizunguki zunguki, inapanda moja kwa moja, unashika mizizi kwa mikono, kuna sehemu goti linagusa kidevu. Hapo hata mkimbiaji wa Arusha anatembea tu. Na ukifika juu usitegemee picha nzuri ya mji, mara nyingi ni ukungu na miti yenye ndevu za kuvu, unasikia mbega wanakoroma ila huwaoni.

Na balaa lenyewe ni kushuka. Kupanda kunakula pumzi, kushuka kunakula mapaja na vifundo. Mimi mara ya kwanza nilipanda kama masaa matatu na nusu nikajua kurudi ni kuteleza tu, nikashuka karibu muda ule ule, nikala mweleka hata hesabu sina, kesho yake ngazi za gesti nilishuka kinyumenyume nimeshika ukuta na mhudumu ananiangalia tu hasemi kitu.

Ushauri wangu anza na Bondwa kupitia Morningside. Ni kilele jirani, urefu unakaribiana na Lupanga, ila njia ni ya kistaarabu zaidi. Kutoka mjini mpaka Morningside, pale kwenye jumba la zamani la Wajerumani, ni barabara ya vumbi na mawe inayopanda bila huruma ila kukimbia unaweza, au kimbia dakika tano tembea mbili. Ukivuka pale unaingia msituni kwa njia inayokwenda mpaka kwenye minara ya mawasiliano juu. Hapo ndo utajua kama una mlima ndani yako au una lami tu.

Kibali ndio, ule msitu ni hifadhi ya mazingira asilia iko chini ya TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, nenda ofisi yao pale mjini siku moja kabla, wanakupa kontrol namba (namba ya malipo) unalipia kwa simu na unapata mtu wa kukuongoza. Usipite kimya kimya, utakutana na askari wa msitu huko juu uanze kujieleza huku unahema.

Shangazi_wa_Soni
Mwanangu wa Tabata kama nia yako ni KUKIMBIA na sio kutambaa njoo Lushoto. Uluguru ni nzuri ila ni ukuta, milima yetu ya Usambara ukishapanda umepanda, huku juu ni mabonde na vilima unakimbia siku nzima kwenye vijia vya watu wa mashamba. Mji wenyewe uko kama mita 1,400, asubuhi ya mwezi wa saba unatoka na sweta. Toka mjini panda mpaka msitu wa Magamba, mle ndani kuna barabara za zamani za kubebea magogo, kivuli mwanzo mwisho na chini majani laini hata magoti hayalalamiki. Siku ya pili nenda Irente asubuhi mapema, pale ukingoni ardhi inakatika unaona Mazinde na mashamba ya mkonge chini kabisa huko. Angalia usisogee sana kupiga selfi tafadhali.

Ukitaka adhabu sasa, shuka kwa miguu mpaka Mazinde halafu urudi juu hivyo hivyo. Nimewaona vijana wenye vifua wamekaa chini katikati ya kile kipando wanauliza kama boda inafika.

Mjukuu wa Mgeta
Mimi mambo ya kukimbia mlimani hufukuzwi na mtu sijawahi kuyaelewa, bibi yangu Mgeta alikuwa anashuka na tenga la kabichi kichwani kwenda sokoni na hajawahi kudai medali. Ila nikusaidie kitu kimoja, angalia wale kina mama wanavyoshuka. Hatua fupi fupi za haraka, goti limekunjwa kidogo, mguu unatua wote sio kisigino kwanza. Wewe wa lami utarusha hatua ndefu na kuegemea nyuma kwa woga, hapo ndo unateleza. Na udongo wetu mwekundu ukilowa ni sabuni, raba za lami acha nyumbani, tafuta zenye meno. Wengi huku wanashuka na yeboyebo na wanakupita.

Masika usije, Machi mpaka Mei achana napo. Mwezi wa saba mpaka wa tisa ndo pazuri kwa upande huu wa mjini, ila upande wa mashariki kule Kinole na Tegetero mvua haina likizo. Pia vaa soksi ndefu, kuna upupu kwenye vichaka na kuna siafu, ukisimama kupumzika angalia umesimama juu ya nini.

Njabini_Kila_Wiki
Nawasoma kutoka Nairobi. Huku kwetu ukitaka kuteseka tunakutuma Elephant Hill kule milima ya Aberdare, unaanzia Njabini kwa forest station, inapita mita 3,500 juu. Shida si urefu, ni mianzi. Unaingia kwa mianzi ni matope mpaka kwa enka (kifundo cha mguu), giza, unafikiri umefika kumbe bado, halafu ukitoka hapo ni upepo na baridi na kuna kilele cha uongo kinakuvunja roho. Lazima mwende na askari wa msitu. Wakimbiaji wanabeba singlet pekee juu jua linawaka Nairobi, kufika kule mvua ya barafu inawapata. Hata kama Uluguru ni joto wewe beba jaketi la mvua, kipenga na tochi.

MotoWaMoro
Huyo wa Njabini msikilizeni. Tochi hata mchana beba, msituni saa kumi na moja jioni ni giza tayari. Maji angalau lita mbili na ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini.

Halafu mnaotamani makubwa, Mtanzania mwenzetu Simon Mtuy mwaka 2006 alipanda Kilimanjaro kwa njia ya Umbwe akashukia Mweka, kabeba vitu vyake mwenyewe, na hakufikisha masaa kumi. Karl Egloff, mkimbiaji wa milimani kutoka Ecuador, naye mwaka 2014 akapanda na kushuka kwa masaa 6 na dakika 42. Umbwe yenyewe ule msitu wa chini ni ngazi ya mizizi kama Lupanga tu.

MbioZaTabata
Daah asanteni wakuu, nimenywea kidogo. Basi mwezi wa saba nakuja Bondwa, Lupanga tutaongea mwakani. Nalala Moro usiku mmoja, naanza saa kumi na mbili asubuhi na sina haraka ya treni. Swali la mwisho, huyo wa kuniongoza atakubali kukimbia au nitakuwa namwacha njiani?

Mjukuu wa Mgeta
Umwache nani? 😂 Mwambie tu akusubiri kwenye minara. Na ubebe hela ndogo ndogo, wakati wa kushuka utakutana na watoto wanauza stroberi na hakuna mwenye chenji ya elfu kumi huko juu.